Siku Imekwisha na Kazi Ipo Palepale: Namna ya Kutafuta Chanzo cha Muda Unaopotea Kazini

Mfanyakazi wa Lamu, awe karani anayevuka bahari kila asubuhi kwenda Mokowe, mhasibu wa nyumba ya wageni kule Shela, au mwenye duka la kupiga chapa karibu na Mkunguni, hulalamika kwa maneno yaleyale: siku haitoshi. Malalamiko ni mamoja, lakini vyanzo vyake ni vingi, na dawa ya chanzo kimoja haifai kitu kwa chanzo kingine. Anayekatizwa kazi kila baada ya dakika kumi hasaidiwi na kuamka mapema zaidi, na aliyepewa kazi za watu watatu hasaidiwi na daftari zuri la mipango. Fundi wa mashine za boti akiletewa injini iliyozimika njiani haanzi kwa kuifungua yote. Hutazama kwanza kama mafuta yamo, kisha kama bomba limeziba, kisha plagi, na kila hatua humwondolea dhana moja. Muda wa kazi nao unastahili kuchunguzwa kwa utaratibu wa namna hiyo, hasa kwa kuwa wengi wetu huruka uchunguzi na kwenda moja kwa moja kwenye hukumu, ambayo kwa kawaida ni kwamba sisi ni wavivu. Kwa maoni yangu hukumu hiyo ni ya uongo katika hali nyingi, na inaumiza watu wanaojituma.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Msomaji anaweza kwenda kwenye ile inayofanana na yake, lakini namwomba afanye jambo moja kabla ya hapo.

Kwanza kabisa: ukurasa wa siku tano

Kwa siku tano za kazi, weka daftari dogo kando ya mkono wako. Kila unapobadilisha unachokifanya, andika saa, andika kilichobadilika, kisha weka herufi moja tu: W ikiwa umekatizwa na mtu mwingine, M ikiwa umejikatiza mwenyewe, na N ikiwa umesimama kwa sababu unangojea kitu, kama vile saini, mtandao, umeme au boti. Usijaribu kujirekebisha katika siku hizo. Andika tu yanayotokea.

Ukurasa wa asubuhi moja huweza kusomeka hivi. Saa mbili na dakika kumi, kufungua ripoti ya mwezi. Saa mbili na dakika ishirini na tano, mgeni anauliza leseni yake ya biashara, W. Saa mbili na dakika arobaini, kurudi kwenye ripoti. Saa mbili na dakika hamsini, ujumbe wa kikundi cha harusi, M. Saa tatu na dakika tano, ripoti tena. Saa tatu na robo, hesabu ya mafuta ya boti haijaletwa, N. Baada ya hapo mwandishi wa ukurasa akaanza barua nyingine, na ripoti haikuguswa tena hadi saa nane mchana. Ukitazama ukurasa huo utaona kwamba ndani ya saa moja na dakika tano ripoti ilipata dakika 35, tena katika vipande vitatu, na kwamba kila kipande kilikatwa na sababu tofauti. Bila ukurasa, mtu huyu angesema jioni kwamba wageni ndio waliomharibia siku, ilhali mgeni alikuwa mmoja.

Mwisho wa siku ya tano hesabu herufi zako. Herufi iliyozidi ndiyo inayokuonyesha pa kuanzia.

Dalili: hukukaa bure hata kidogo, na jioni hakuna kilichokamilika

Dalili hii ndiyo inayowasumbua watu wengi zaidi, na inahitaji uangalifu kwa sababu ina vyanzo vitatu ambavyo kwa nje vinafanana.

Ikiwa W ndizo nyingi, chanzo ni watu. Lamu ni mji wa adabu za zamani. Mtu hapiti mbele ya mlango wa jamaa bila kusema sabalkheri, na hakuna mwenye malezi atakayemjibu mzee aliyesimama mlangoni huku macho yake yameganda kwenye kompyuta. Salamu hizo hazina lawama, na ofisi itakayozifuta itakuwa imepoteza kitu kikubwa kuliko dakika. Muda unapotea baada ya salamu. Mgeni anasema, "Hodi, mwanangu, sikuweki, ni neno moja tu," na neno lenyewe kweli linakwisha kwa dakika tatu, lakini aliyekatizwa anarudi kwenye hesabu zake na kukuta hajui tena alikuwa safu gani. Mtafiti Sophie Leroy alieleza mwaka 2009 kwamba mtu akihamia kazi nyingine kabla ya kukamilisha ya kwanza, sehemu ya mawazo yake hubaki kwenye ile aliyoiacha, na utendaji wake katika kazi ya pili hushuka. Gharama ya hodi kwa hiyo ni zile dakika tatu, pamoja na muda wa kuukusanya tena moyo na kuurudisha pale ulipokuwa.

Dawa yake ni kuweka saa za hodi na saa za kazi ya kukaa. Ofisi yenye makarani wawili inaweza kugawana zamu, mmoja akapokea wageni hadi saa nne na mwenzake akaendelea na majalada, kisha wakabadilishana. Aliye peke yake anaweza kumwambia mgeni, "Karibu sana, mzee wangu, nipe nafasi hadi saa tano nikusikilize vizuri," na wakati huohuo amwonyeshe pa kukaa au amwambie arudi. Wapo wanaoona haya kusema hivyo. Mimi naona kumpa mtu saa yake maalumu, ukaiheshimu, ni staha kubwa kuliko kumsikiliza nusunusu kwa sikio moja. Sharti ni kwamba saa tano ikifika uwe kweli umeweka kalamu chini. Ukimgeuza mgeni mara mbili, hatakuamini ya tatu, na atakuwa na haki.

Lipo pia jambo dogo lisilogharimu kitu. Kabla ya kumgeukia aliyepiga hodi, andika mstari mmoja wa ulipofikia: "Nimemaliza Februari, Machi bado mafuta na posho." Ukirudi, mstari huo unakushika mkono na kukurudisha mahali pako bila kutafuta.

Ikiwa M ndizo nyingi, usiwatupie lawama wageni. Mfanyakazi wa leo yumo katika kikundi cha idara, cha mtaa, cha chama, cha wazazi wa madrasa na cha harusi ya wiki ijayo, na kila kimoja kinalia kwa wakati wake. Weka simu ndani ya droo, acha mlio wa kupigiwa tu, na tenga nyakati za kusoma ujumbe, kwa mfano saa nne na saa saba. Kikwazo kikubwa hapa huwa ni mkuu wa kazi anayetuma maagizo kwa ujumbe na kutarajia jibu papo hapo. Mwendee mkakubaliane kwamba lenye dharura hupigiwa simu na lisilo na dharura huandikwa. Wakuu wengi hukubali wakielezwa, kwa sababu hata wao hawakuwahi kufikiri kwamba ujumbe wao wa saa tatu unavunja asubuhi ya mtu.

Na ikiwa W na M ni chache, ilhali kazi haikamiliki, tazama namna ulivyoiandika kazi yenyewe. Mstari unaosema "kushughulikia bajeti" hauwezi kukatwa kwenye orodha hata ukikesha, kwa kuwa haukusema mwisho wake uko wapi. Andika "kujaza jedwali la mafuta na kulipeleka kwa mhasibu", nao utaukata leo kabla ya adhuhuri. Pitia orodha yako na kwa kila mstari ujiulize utajuaje kwamba umekwisha. Usio na jibu uvunje vipande.

Dalili: kazi ya siku mbili inachukua wiki

Hapa kuna makosa mawili ya hesabu, na mara nyingi yote mawili yamo.

La kwanza ni la binadamu wote. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwelekeo wa watu kukadiria muda kwa kuutazama mpango ulio mbele yao tu, bila kuuliza kazi za namna ile zilichukua muda gani huko nyuma. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada walikadiria siku watakayomaliza tasnifu zao. Makisio yao kwa wastani yalikuwa siku 34 hivi, na waliomaliza walitumia kwa wastani zaidi ya siku 55. Wanafunzi wale walikuwa wanaijua kazi yao vizuri, kwa hiyo tatizo halikuwa ujinga wa kazi. Tiba ni kuacha kukisia na kufungua kumbukumbu: ripoti ya robo mwaka iliyopita ilianza lini na ilitumwa lini? Na ile ya kabla yake? Ikiwa zilichukua siku sita na saba, usiseme hii itachukua mbili kwa sababu safari hii umejipanga. Sema saba, na ukiwahi, shukuru.

La pili, linaloonekana ukurasa wako ukijaa N, lina sura ya visiwani. Tunachanganya muda wa kufanya na muda wa kungojea. Barua huandikwa kwa nusu saa, lakini mwenye saini yuko Mokowe, na wewe uko mjini. Boti ya abiria hungoja ijae, mkuu naye huenda yuko kwenye kikao, na hati inarudi kesho yake. Muda wa kufanya ni nusu saa. Muda wa kungojea ni siku moja na nusu. Anayeandika kwenye mpango wake "barua, nusu saa" hakusema uongo, lakini ameacha sehemu kubwa ya safari nje ya hesabu.

Bahari nayo ina ratiba yake. Maji hujaa mara mbili kila siku, na kwa wastani huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana. Chombo kinachohitaji maji makuu kupita, na Jumatatu kikayapata saa tatu asubuhi, Ijumaa kitayapata karibu saa sita na dakika ishirini mchana. Katika siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, yaani katikati ya muda wa kazi. Yeyote mwenye jambo na Faza, Siyu au Kizingitini kule kisiwani Pate, iwe ni kupeleka fomu, kukagua ujenzi wa darasa au kufuata orodha ya wagonjwa wa zahanati, atazame maji kabla ya kutazama kalenda ya ukutani. Nahodha hujua haya bila kitabu. Inasikitisha kuona ofisi zikipanga safari ya saa nne siku ya bamvua, kisha watu wakakaa gatini asubuhi nzima wakitazama tope, na ripoti ikaandikwa kwamba kazi ilichelewa kwa sababu zisizozuilika. Zilizuilika.

Tiba ni moja kwa yote: gawa kila kazi katika orodha yako kuwa safu mbili, ya kufanya na ya kungojea, kisha anza asubuhi na zile zenye kungojea kurefu hata kama kuzifanya ni kwepesi. Barua ya nusu saa itakayosafiri siku moja na nusu itoke mkononi mwako kabla ya saa tatu, iwahi boti. Ripoti ngumu inayochukua saa tatu kuandikwa, ambayo haimngojei mtu, itasubiri. Wengi hufanya kinyume kwa kudhani kwamba kazi kubwa ndiyo ya kwanza siku zote, na matokeo yake barua hukosa boti na jambo zima husogea siku mbili mbele.

Muda wa kungojea wenyewe usiachwe utupu. Weka bahasha ya kazi ndogo zisizohitaji umeme wala mtandao: kusoma kumbukumbu za kikao, kupanga risiti kwa tarehe, kuandika rasimu kwa kalamu. Umeme ukikatika, au boti ikikawia kujaa, bahasha hiyo inafunguliwa.

Dalili: unafanya kazi kwa bidii, na rundo la majalada linazidi kupanda

Ipo hesabu rahisi ambayo ningependa kila mkuu wa idara aijue. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kwamba katika foleni yoyote iliyotulia, idadi ya vilivyomo ndani ni sawa na kiwango cha kuingia ukizidisha na muda ambao kila kimoja hukaa. Ikiwa mezani pako huingia majalada 6 kwa siku, na wakati wowote yapo 30, basi kila jalada hukaa kwako kwa wastani wa siku 5. Mwananchi akikuuliza jambo lake litakuwa tayari lini, usimwambie kesho ili kumridhisha. Mwambie siku 5, kwa kuwa ndivyo meza yako inavyosema.

Hesabu hiyo inatenganisha vyanzo viwili. Hesabu kwa wiki mbili majalada yanayoingia na yanayotoka. Ikiwa yanalingana, lakini rundo ni kubwa, tatizo lako ni kwamba umefungua mengi kwa wakati mmoja. Kila asubuhi unagusa kumi na tano kidogokidogo na kila moja hukawia kutoka. Funga yote, fungua matatu, na usifungue la nne hadi moja limetoka. Utajihisi kama unawachelewesha wenye yale mengine, lakini rundo likipungua kutoka 30 hadi 12, na kuingia kukabaki 6 kwa siku, kila mmoja atangoja siku 2 badala ya 5.

Ikiwa yanayoingia yanazidi yanayotoka wiki baada ya wiki, basi ujue wazi kwamba hakuna mbinu ya mtu binafsi itakayokuokoa. Yanaingia 6, yanatoka 5. Hata ukapanga saa zako kwa ustadi wa ajabu, rundo litakua. Jambo hili linataka uamuzi wa mkuu: kupunguza kinachoingia, kuongeza mtu, au kufuta hatua fulani, kama vile saini ya tatu ambayo hakuna anayekumbuka kwa nini iliwekwa. Mpelekee ukurasa wenye tarakimu hizo mbili, wala usipeleke malalamiko matupu, na umwulize ni kazi gani anayotaka isubiri. Swali hilo liulizwe kwa unyenyekevu, lakini liulizwe. Kukaa kimya na kubeba kazi hadi usiku kunaficha upungufu wa ofisi, na ofisi isiyouona upungufu wake haiurekebishi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi zenye malipo baada ya kila miezi 12 ya utumishi. Nimewaona makarani hodari wanaoishi kana kwamba mambo hayo mawili ni upendeleo wa kuombwa.

Dalili: kazi unaijua, muda unao, na bado huianzi

Kuahirisha nako kuna sura zaidi ya moja. Jiulize: mtu akiketi kando yako sasa hivi na kusema, "Haya, anza," ungejua cha kuandika katika dakika ya kwanza? Ikiwa hujui, hukuahirisha kwa uvivu. Hatua ya kwanza haijulikani, na huna pa kushika. Itafute hatua hiyo, tena iwe ndogo sana: kumpigia mhifadhi kumbukumbu na kuomba jalada la mwaka jana.

Ikiwa hatua unaijua, na moyo unakataa, angalia kama kuna hofu. Ripoti itakayoonyesha kwamba fedha hazikutosha, barua ya kumkatalia jamaa, au hesabu ambazo mkuu wa zamani alizivuruga, haziandikwi kwa wepesi na yeyote. Hapa mwenzako ana faida kuliko ratiba. Mwambie, "Dada, nitakuletea ukurasa wa kwanza kabla ya alasiri, uusome tu," naye akikungoja utaandika.

Ikiwa hofu haipo, huenda tarehe ya mwisho iko mbali mno. Mwaka 1955 C. Northcote Parkinson aliandika katika jarida la The Economist kwamba kazi hutanuka hadi kujaza muda uliotengewa, na yeyote aliyepewa mwezi mzima kuandika kurasa nne anajua maana yake. Jiwekee mwisho wa karibu, ulio mbele ya watu. Na badala ya kusema "nitaifanya wiki hii", funga kazi na kitu kinachotokea kwa hakika. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, katika andiko lake la mwaka 1999, alionyesha kwamba nia iliyofungwa na wakati na mahali maalumu hutekelezwa kwa urahisi kuliko nia tupu. Sisi tunavyo vifungo hivyo tayari: "Nikirudi msikitini baada ya adhuhuri, nitafungua jedwali kabla ya kugusa simu."

Dalili: baada ya saa nane mchana kichwa hakifanyi kazi

Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi kabla ya masika, joto la mchana linaweza kumlegeza mtu yeyote. Lakini joto lisibebeshwe lawama zote. Ukiona unasinzia mezani hata mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukiingia dirishani, chanzo ni usingizi wa usiku, na dawa yake haimo ofisini. Ukisinzia tu siku ulizokula pilau na nyama ukashiba, umeshapata jibu. Na usingizi mbaya ukiendelea kwa wiki kadhaa pamoja na moyo mzito usioeleweka, nenda ukamwone daktari, wala usiongeze kahawa.

Kama ni joto kweli, upange mchana kulingana nalo. Kwa jinsi Lamu ilivyokaa karibu na ikweta, adhuhuri huingia kati ya saa sita na saa sita na nusu mwaka mzima, na alasiri baada ya saa tisa. Kwa hiyo kuanzia saa mbili hadi saa sita una kipande kimoja kirefu, cha saa nne, chenye ubaridi kiasi na kichwa kizima. Kutoka hapo siku hukatika vipande vifupi na joto likapanda. Kuandika, kukokotoa na kuamua kuwekwe katika saa nne zile. Vikao, kupanga majalada, kupiga simu na kuzunguka kaunta vihamishiwe mchana. Ofisi nyingi hufanya kinyume, zikaweka kikao saa tatu asubuhi na kuwaachia watu mchana waandike ripoti wakipepewa na feni. Anayeweza kubadilisha saa ya kikao katika ofisi yake ataona tofauti bila kumfundisha mtu lolote jipya. Katika Ramadhani saa za asubuhi huwa na thamani zaidi, na kazi ya kufikiri ikikosa nafasi kabla ya adhuhuri, ni afadhali iahirishwe waziwazi hadi kesho.

Dalili: kila kitu ni dharura kwa wakati mmoja

Tazama tarehe za dharura hizo. Kodi ya mishahara hulipwa kabla au ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata, kodi ya ongezeko la thamani tarehe 20, na mwaka wa fedha wa serikali hufungwa Juni 30, siku ambayo pia ni ya mwisho ya kila mtu kuwasilisha marejesho yake ya mapato. Tarehe hizi zinajulikana miaka mbele. Mhasibu anayekesha tarehe 8 kila mwezi hana dharura. Ana kazi ya tarehe 3 ambayo haikuandikwa popote.

Mwaka wa hapa una kalenda mbili. Miezi ya Kiislamu hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo Ramadhani, Idd na Maulidi, wakati mji unapojaa wageni na boti, huangukia kila mwaka mahali pengine katika mwaka wa fedha. Andika kalenda zote mbili kwenye karatasi moja mwanzoni mwa mwaka, na kwa Idd acha siku mbili wazi, kwa kuwa mwezi huandama kwa kuonekana.

Dharura nyingine ndogo hutokana na saa zenyewe. Mgeni wa Nairobi akiandika "tukutane saa 4" akiitazama simu yake, na wewe ukaisoma kwa Kiswahili, mmoja wenu atangoja saa sita nzima. Andika "saa nne asubuhi, 10:00", kila mara, bila kuona haya.

Dalili: kazi inakufuata nyumbani hadi kitandani

E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba jambo lisilokamilika huingilia mawazo ya mtu, na kwamba kuliandikia mpango maalumu hupunguza kuingilia huko hata kabla jambo halijafanywa. Kabla ya kufunga ofisi, tumia dakika kumi kuandika kila kilichobaki pamoja na saa ya kesho utakayokishika.

Dalili: mambo yalikaa sawa wiki mbili, kisha yakarudi kama zamani

Usiharakishe kujilaumu wala kutafuta programu mpya ya simu. Aliyehama kutoka daftari hadi programu tatu kwa mwezi mmoja ameongeza mahali pa kusahaulia. Kwanza tazama kama ulibadilisha mambo mengi kwa pamoja. Ukiweka saa za hodi, ukafunga simu, ukahamisha vikao na ukafunga majalada katika wiki moja, hutajua lipi lilisaidia na lipi lilivunjika. Rudisha moja, likae wiki nzima, kisha uongeze jingine.

Pili, tazama kama wakati umebadilika na ratiba yako haikubadilika. Ratiba iliyopangwa siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, haitafaa siku za bamvua, ya Shaaban haitafaa Ramadhani, na ya Aprili haitafaa wiki za mwisho za Juni. Alhamisi alasiri, kabla ya Ijumaa ambayo asubuhi yake ni fupi, keti na karatasi ya kalenda mbili pamoja na jedwali la maji, usogeze saa za kukaa na saa za safari za wiki inayokuja. Kisha, kila baada ya miezi mitatu hivi, au mara tu unapobadilishwa idara, andika upya ule ukurasa wa siku tano na uhesabu herufi, kwa sababu aliyekuwa na W nyingi kaunta anaweza kuwa na N nyingi akihamishiwa ununuzi, na tiba aliyoizoea haitamfaa tena.